Maharagwe Hujipatia Mbolea Kutoka Hewani

Katika vilima vya Githongo, Imenti ya Kati, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ni shida kumwona mkulima asiyepanda maharagwe. Huyapanda katikati ya mahindi, chini ya migomba, na hata katika kipande kidogo kilichosalia baina ya chai na boma la ng'ombe. Mwaka 2022, gunia la kilo 50 la mbolea ya kupandia lilipopita shilingi 6,000, mkulima wa namna hiyo alikuwa na haki ya kujiuliza kama maharagwe yahitaji mbolea yote ile. Serikali ilipunguza bei kwa ruzuku, ikawa 3,500 mwezi wa Septemba mwaka ule na 2,500 mwaka 2023, lakini swali ni lile lile.

Jibu ni kwamba hayahitaji yote. Katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni nitrojeni, nayo ndiyo chakula kinachokuza majani. Mahindi na viazi haviwezi kuichukua hewani. Mimea ya jamii ya kunde, yaani maharagwe, njahi, kunde na mbaazi, huipata kwa msaada wa vijidudu vya udongoni visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huingia mizizini na kufanyiza vinundu. Mmea huvilisha sukari, navyo huulipa kwa nitrojeni. Wataalamu Hellriegel na Wilfarth wa Ujerumani walilithibitisha jambo hili mwaka 1886.

Lakini mmea uliomwagiwa nitrojeni nyingi ya dukani hauna haja ya kuwalisha wageni, na vinundu hupungua. Basi anayeyatilia maharagwe CAN au urea kwa wingi hununua kwa fedha kitu ambacho angalikipata bure, tena huwafukuza wafanya kazi wake.

Yafaa mkulima apime mwenyewe. Maharagwe yakianza kutoa maua, achimbue miche michache kwa jembe, wala asiing'oe kwa mkono, maana vinundu hukatika na kubaki udongoni. Aoshe mizizi polepole, kisha apasue vinundu kwa ukucha. Vikiwa vyekundu au vya waridi ndani, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, havileti faida. Uvimbe usiobanduka mzizini si kinundu, bali huenda ni ugonjwa wa minyoo.

Maharagwe si hodari kama njahi au kunde katika kazi hii, kwa hiyo nitrojeni kidogo wakati wa kupanda haina ubaya. Na kuna chakula kingine kisichotoka hewani kamwe, nacho ni fosforasi. Udongo mwekundu wa Meru una tabia ya kuishika fosforasi isifikie mizizi, hasa ukiwa na asidi nyingi, na pasipo fosforasi hata vinundu havistawi. Hapa ndipo samadi inaposaidia. Hulainisha udongo, huongeza fosforasi kidogo, na huwapa vijidudu makao mema. Samadi iliyoachwa wazi kwenye jua na mvua hupoteza nguvu. Irundikwe kivulini, ifunikwe kwa majani ya migomba, igeuzwe mpaka ioze, kisha itiwe ndani ya mashimo ya kupandia. Anayeona bado haitoshi aweza kuongeza mbolea ya fosfati kidogo, au ile ya mawe ya Minjingu kutoka Tanzania, ambayo huyeyuka vema katika udongo wenye asidi.

Majani ya tithonia, yale yenye maua ya manjano kando ya barabara, nayo ni mbolea nzuri, lakini kuyakata na kuyabeba ni kazi nzito. Heri yapewe mahindi au mboga.

Vijidudu pia huuzwa katika pakiti, na Chuo Kikuu cha Nairobi kimevishughulikia kwa miaka mingi. Hupakwa kwenye mbegu kivulini, na mbegu hupandwa siku ile ile katika udongo wenye unyevu. Pakiti ya soya haifai kwa maharagwe. Tena, shamba lililopandwa maharagwe tangu zamani mara nyingi lina vijidudu vyake tayari, hivyo apimaye mizizi kwanza huenda asihitaji kununua.

Wakati wa mavuno wengi hung'oa mche mzima na kuupeleka nyumbani. Ni afadhali kuukata kwa panga usawa wa ardhi, mizizi iozee shambani, nayo makapi yaliwe na ng'ombe na kurudi huko kama samadi.