Wanaarkeolojia na sosyete za mugodi: nani anatoa cheo, nani anatia sahihi?

Ukichukua ripoti ya arkeolojia ya mugodi wa Afrika ya Kusini, usikimbilie picha za vyungu na mawe. Angalia kwanza kurasa za mbele, pale penye jina la mwenye kutia sahihi. Mara nyingi utakuta mambo kama haya: huyu ni mchunguzi mkuu kwa Zama za Chuma, ni direkta wa kazi kwa michoro ya kwenye mawe, lakini kwa kuhamisha makaburi yeye ni msimamizi tu. Mtu mmoja, vyeo vitatu. Na vile vyeo havikutoka kwa universite, wala kwa serikali, wala kwa sosyete inayolipa kazi. Vimetoka kwa chama cha wenzake, kinachoitwa ASAPA.

Sisi watu wa sendika tunasoma ukurasa kama ule vile tunasoma kategoria kwenye karatasi ya mshahara. Kategoria njo inasema utalipwa ngapi, utaamuru nani, na siku mambo yakiharibika nani atajibu. Hata kama wewe hauna haja na vyungu vya zamani, jua kwamba pale ambapo sosyete inataka kufungua shimo, mtu mwenye cheo kile anaweza kuandika neno ambalo litasimamisha mashine. Ao atanyamaza, na mashine zitapita.

ASAPA ni chama cha wanaarkeolojia wa kazi wa eneo lote la kusini mwa Afrika. Makao yake na wanamemba wake wengi wako Afrika ya Kusini, lakini kinapokea pia watu wa inchi jirani. Ili uingie kama mwanamemba kamili, unahitaji diploma ya universite katika arkeolojia. Wanamemba wanachagua baraza na mwenyekiti wao, na mkutano mkubwa wanaufanya kila miaka 2. Ndani ya chama kuna sehemu moja ya wale wanaofanya kazi kwa kontra. Hiyo sehemu njo inapima: umechimba wapi, umesimamia nani, ripoti zako zinasemaje. Kisha inakupa cheo, na inakipa kwa aina ya kazi, si kwa jumla. Kujua mawe ya watu wa kale hakukupi ruhusa ya kuhamisha kaburi la nyanya ya mtu. Hapo nawapongeza. Kwetu mtu akiisha kuitwa injinieri, anakuwa injinieri wa kila kitu.

Kwa nini cheo kile kiko na uzito hivi? Ni sheria. Mwaka wa 1999 Afrika ya Kusini ilipitisha sheria namba 25 juu ya urithi wa taifa. Vitu vya arkeolojia vyenye kupita miaka 100 haviguswi bila ruhusa. Kaburi lenye kupita miaka 60, ikiwa haliko katika makaburi rasmi ya serikali za mitaa, nalo halihamishwi bila ruhusa. Na mwenye kutaka kujenga ao kuchimba mahali penye kupita metre za mraba 5 000, ao kupitisha barabara, bomba ao mfereji wa zaidi ya metre 300, anapaswa kuarifu kwanza wakubwa wa urithi, nao wanaweza kuomba uchunguzi.

Tangu hapo maisha ya kazi ya mwanaarkeolojia yaligeuka. Zamani alitafuta nafasi katika universite ao katika muzeo, na nafasi zenyewe zilikuwa chache. Leo vijana wengi wanapata mkate kwa kontra: mugodi wa makaa, barabara, nguzo za umeme, mtaa mpya. Hapo njo utaona shida yenyewe. Mwenye kumchagua mwanaarkeolojia na kumlipa ni yule yule anayetaka kuchimba. Ripoti inapelekwa kwa serikali, ni kweli, lakini franga zinatoka kwa patro.

Chama cha namna hii kilitoka wapi? Mkutano wa kwanza wa wanaarkeolojia wa Afrika nzima ulifanyika Nairobi katika mwaka wa 1947, na mwenye kuutayarisha alikuwa Louis Leakey. Wa pili ulipaswa kwenda Afrika ya Kusini. Lakini katika 1948 chama cha apartheid kilishika serikali, na mwaliko ukaondolewa. Mkutano ukahamia Alger katika 1952. Wa ine ulifanyika hapa kwetu, Léopoldville, katika 1959, mwaka mmoja hivi kabla ya uhuru. Kitabu cha mkutano ule kilichapishwa Tervuren, Ubelgiji, katika 1962. Inchi yetu ilitoa nyumba ya mkutano, lakini wenye kuongoza, wenye kusema na wenye kuandika walikuwa karibu wote Wazungu.

Kusini mwa Afrika ilichukua wakati zaidi. Chama kilichokuwa kabla ya ASAPA kilikuwa na mkutano Gaborone katika 1983. Watu wa Msumbiji waliomba chama kitoe tamko la kulaani apartheid. Chama hakikukubali, na wale wa Msumbiji wakatoka. Miaka 3 baadaye, katika 1986, watayarishaji wa mkutano wa dunia kule Southampton, Uingereza, waliwafungia mlango watu kutoka Afrika ya Kusini. Maprofesa wakagombana sana. Wengine walisema sayansi haina politiki. Neno hilo nalijua vizuri. Kila mara sendika ikiomba jambo, kunapatikana mkubwa wa kusema kwamba kazi haina politiki.

Jina la ASAPA lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, na katika 2008 chama kilipitisha hati ya mabadiliko. Wanamemba wenyewe walikubali kuandika kwamba kazi hii imebaki mikononi mwa Wazungu, na kwamba lazima njia ifunguliwe kwa Waafrika weusi kutoka masomo mpaka uongozi. Ndukuyakhe Ndlovu, mwanaarkeolojia wa kule, katika 2009 aliandika wazi juu ya magumu ya mabadiliko hayo. Kuna waliofika mbali: Innocent Pikirayi na Shadreck Chirikure, wote wawili wana wa Zimbabwe, walipata kuwa maprofesa, mmoja Pretoria, mwengine Cape Town. Watu wawili wakubwa bado si ngazi, lakini wameonyesha kwamba mlango unafunguka.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nianze kusoma mambo ya chama hiki. Pale mto Limpopo unapopakana na Botswana na Zimbabwe kuna kilima cha Mapungubwe. Watu wa pale walikuwa na ufalme na walifanya biashara ya zahabu na ya pembe za ndovu mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, karibu miaka 800 iliyopita. Kifaru kidogo cha zahabu kilichopatikana katika makaburi yao mwanzoni mwa miaka ya 1930 kinajulikana dunia nzima. Katika 2003 UNESCO iliandika mahali pale katika urithi wa dunia. Katika 2010 sosyete Coal of Africa ilipata haki ya kuchimba makaa mahali panapoitwa Vele, kilomita chache tu kutoka pale.

ASAPA ingeweza kunyamaza. Wanamemba wake wengi wanakula kwa kontra za migodi. Lakini chama kikaingia katika muungano wa kuokoa Mapungubwe, pamoja na vyama vya kulinda ndege na wanyama, wakachukua mawakili na kupinga. Mugodi haukufutwa, katika 2011 ulipewa ruhusa ya mazingira yenye masharti. Wengine watasema walishindwa. Mimi naona masharti yale hayakushuka kutoka mbinguni.

Fikirieni lakini hali ya yule aliyekaa katika baraza la chama wakati ule, na ofisi yake ndogo inaishi kwa kontra za makaa. Delege wa sendika akitia sahihi juu ya malalamiko, kesho yake anarudi mbele ya patro yule yule. Lakini delege anayo sheria ya kazi inayomlinda, hafukuzwi ovyo ovyo. Mwanaarkeolojia wa kontra hana ulinzi wa namna hiyo. Hakuna mtu atakayemfukuza. Simu haitalia tena, basi. Kontra itaenda kwa mwengine mwenye cheo sawa na maneno laini. Ndiyo maana mimi nasema ulinzi wake hauko katika diploma, uko katika chama: chama kikikataa kumpa cheo mtu anayeandika ripoti za kununuliwa, wale waaminifu hawabaki peke yao.

Kuna upande mmoja ambao chama hiki hakinifurahishi. Ngazi yake inaanzia universite. Na yule anayeshika jembe, anayechunga udongo katika chekecheo, anayeona kwanza mfupa kabla ya profesa kuuona, yeye ana kiti gani? Nick Shepherd, wa universite ya Cape Town, aliandika katika 2003 juu ya picha za zamani za machimbo ya John Goodwin: wafanyakazi weusi wako ndani ya picha, majina yao hayako. Na Kenya kulikuwa Kamoya Kimeu, mtu bila universite, aliyeanza kama kibarua wa familia ya Leakey. Katika 1984 yeye njo aliona kule Nariokotome, karibu na ziwa Turkana, kipande cha kwanza cha mifupa ya yule kijana wa zaidi ya miaka milioni 1 na nusu. Macho yake yalilisha maisha ya kazi ya maprofesa wengi. Udaktari wa heshima alipewa na universite moja ya Marekani katika 2021; alikufa katika 2022.

Na huku kwetu? Sanga, kando ya ziwa Kisale, Nenquin na Hiernaux walichimba makaburi katika 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaendelea katika miaka ya 1970. Misalaba ya shaba iliyotoka mule inaonyesha kwamba mababu wetu walichimba na kuyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Union Minière. Kila mchimbaji wa Katanga anapaswa kujua jambo hilo. Ni historia ya kazi yake. Kode ya migodi ya 2002, article 205, inasema kwamba kazi ikifunua vitu vya kale, mwenye kibali asivihamishe, na aarifu mara moja kwa barua wakubwa wa utamaduni, sanaa na muzeo.

Vizuri. Lakini nani anaona vitu vile wa kwanza? Si mwenye kibali. Yeye yuko ofisini, ao yuko inchi ya mbali. Ni mwendesha mashine, saa tisa ya usiku, mwenye kuhesabiwa tani. Akisimamisha mashine juu ya chungu kilichovunjika, tani zinapungua na primu inapungua nayo. Kapita atamuuliza kama amekuja kazini ju ya vyungu.

Kwa hiyo ninaomba wenzangu wa sendika tuweke jambo hili katika mapatano ya pamoja tutakapokaa tena na wakubwa: mfanyakazi akisimamisha mashine ju ya kaburi ao kitu cha kale, saa zile zihesabiwe kama saa za kazi, primu isiguswe, na jina lake liandikwe katika ripoti. Na vijana wetu waliosoma historia na arkeolojia, wajipange katika chama chenye kutoa vyeo na chenye uwezo wa kuvinyanganya, pamoja na wenzao wa Zambia, maana shaba haikujua mpaka. Mtu wa muzeo akifika kwenye shimo kwa gari ya sosyete, kwa mafuta ya sosyete, na chakula cha sosyete, awe na wenzake nyuma yake kabla hajatia sahihi.