Miguu haidanganyi



Uso unaweza kuficha jambo, lakini miguu inalitangaza barabarani. Kaa kidogo kando ya njia siku ya soko pale Masereka, ao mbele ya kanisa wakati watu wanatoka. Hautakosa kumuona dada mwenye uso mweupe sawa papai lililoiva, lakini vifundo vya vidole vyake vya miguu ni vyeusi kabisa. Vijana wa mjini wanaita hiyo «uso Fanta, miguu Coca», halafu wanacheka.

Sisi hatucheki. Tunataka kujibu ulizo ambalo wengi wanalo moyoni, zaidi wale wanaokaribia ndoa: namna gani miguu yangu ipate rangi moja, rangi ya asili? Jibu liko, tena ni la bei ndogo. Lakini kwanza tujue sababu.

RANGI MBILI ZINATOKA WAPI?

Mungu alituwekea ndani ya ngozi rangi inayoitwa melanini. Kazi yake ni sawa mwavuli: jua likipiga, ngozi inatengeneza melanini zaidi ili kujikinga. Sehemu inayopigwa na jua inakuwa nyeusi zaidi. Sehemu iliyofunikwa inabaki na rangi yake.

Masereka iko juu, kupita metre 2.000, tena karibu na Ikweta. Baridi inatudanganya. Tunavaa makoti, tunafikiri jua ni dogo. Kumbe, kila unapopanda metre 1.000, mionzi ya jua inayochoma ngozi inaongezeka karibu 10 kwa 100. Mama anayelima mbatata na kabichi akivaa kandambili, jua linachora mikanda ya kandambili juu ya miguu yake. Na kijana anayechimba dhahabu kule Mangurejipa, miguu yake inashinda ndani ya buti: inabaki myeupe kuliko magoti, tena inalowana siku nzima.

Vifundo vya vidole ni jambo lingine. Pale ngozi ni nene, ina mikunjo, na inasuguliwa na viatu kila siku. Ndiyo maana inakuwa nyeusi zaidi. Nyayo, kwa upande wao, ziliumbwa na rangi hafifu, sawa viganja vya mikono. Hayo yote si ugonjwa wala uchafu. Hakuna mutu aliyezaliwa na rangi moja kabisa toka kichwa hadi kidole.

MAFUTA YANAYOHARIBU

Sokoni wanakuonyesha chupa na tubu za kung'arisha ngozi. Dada anapaka usoni, uso unageuka. Anaona miguu imebaki, anaongeza dawa kali zaidi kwa miguu. Lakini ngozi nene ya vifundo haigeuki sawa ile ya uso, na mara nyingi inazidi kuwa nyeusi. Ndani ya mafuta hayo kuna mambo matatu ya kuogopa.

La kwanza ni idrokinoni. Inazuia ngozi kutengeneza melanini, yaani inaubomoa ule mwavuli, halafu wewe unatembea katika jua la mlimani. Ukiitumia kwa muda mrefu, inaweza kuleta madoa ya rangi ya majivu na bluu ambayo ni vigumu sana kuyaondoa. Waganga wa Afrika ya Kusini waliyaeleza madoa hayo mwaka wa 1975. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza idrokinoni ndani ya mafuta ya kung'arisha ngozi mwaka wa 2001. Jirani zetu wa Rwanda walianza kukamata mafuta ya namna hii madukani mwishoni mwa 2018.

La pili ni dawa za jamii ya kortizoni, sawa klobetasoli. Hizo ni dawa za kweli, munganga anaziandika kwa ugonjwa fulani na kwa siku chache. Ukizipaka kila siku bila sababu, ngozi inakuwa nyembamba sawa karatasi, inapasuka michirizi, na kidonda kinachelewa kupona. Fikiri mama anayepaswa kupasuliwa ili azae: ngozi yake itashika uzi namna gani? Na kama kuna ukungu katikati ya vidole, dawa hiyo inauficha huku unaendelea kuenea.

La tatu, ninyi wa machimbo munalijua kuliko wengine wote: merkire. Ndiyo, ni zebaki ile ile ambayo wachimbaji wanatumia kwa kukamata unga wa dhahabu. Inatiwa ndani ya sabuni na mafuta fulani kwa sababu nayo inazuia melanini. Inapita katika ngozi, inaingia katika damu, inaumiza mafigo na mishipa ya fahamu. Mwaka wa 1972 waganga wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa 60 wa mafigo: zaidi ya nusu walikuwa wametumia mafuta ya kung'arisha yenye zebaki. Tena haibaki kwa mwenye kupaka peke yake. Inapita katika taulo, katika mashuka, katika mikono ya mama anayemubeba mtoto. Na mwenye mimba anaipeleka kwa mtoto aliye tumboni.

Basi fikiri nyumba moja: baba anachoma dhahabu na zebaki jikoni, mama anapaka zebaki chumbani. Mtoto atakimbilia wapi?

Mkataba wa mataifa juu ya zebaki, ule wa 2013, una jina la Minamata, mji wa Japani ambako watu wengi waliharibika kwa kula samaki wenye zebaki. Mwaka wa 2023, kule Geneva, mataifa ya mkataba huo yalipatana kwamba mafuta yote ya urembo yenye zebaki yakome mwaka wa 2025. Lakini sheria ya Geneva haisimami mbele ya meza ya soko letu. Ni wewe unayesimama pale. Kwa hiyo soma kartoni. Ukiona neno «mercure», «calomel» ao «Hg», rudisha. Ukiona wanakuambia utoe pete ya dhahabu ao ya feza mbele ya kupaka, rudisha mbio: zebaki inashika dhahabu, wachimbaji wanajua. Na kama hakuna maandishi yoyote, ao muuzaji amechanganya yeye mwenyewe, usinunue.

NJIA YA KWELI

1. Osha miguu kila mangaribi na sabuni ya kawaida. Kausha vizuri katikati ya vidole. Wachimbaji, mutoe buti mukifika, zikauke.

2. Ngozi ikingali na unyevu kidogo, paka vazelini ao gliserini. Ngozi iliyokauka inaonekana ya majivu na ya madoa. Iliyolainika inaonekana ya rangi moja.

3. Usisugue vifundo na jiwe wala na dawa ya kufulia. Kusugua kunaongeza weusi. Jiwe ni la kisigino tu, tena polepole.

4. Kama mikanda ya kandambili imechora, vaa soksi ao viatu vya kufunika wakati wa jua kali. Rangi ya jua inapungua yenyewe, lakini inataka majuma mengi, hata miezi. Kama ndoa ni mwezi wa nane, anza mwezi wa tano.

5. Chagua viatu visivyobana vidole.

Na wewe uliyekwisha kuanza kupaka? Usijifiche kwa haya. Peleka tubu yako kwenye kituo cha afya, umuonyeshe muuguzi. Dawa za kortizoni, ukizitumia muda mrefu, haifai kuziacha siku moja bila shauri. Madoa mengine yatachelewa, lakini ngozi ikiachwa kupumzika inajitahidi kurudi kwa rangi yake. Kama uso ao miguu inavimba, usingoje.

Wazazi, neno moja kwenu. Binti hazaliwi akichukia ngozi yake. Anasikia nyumbani «huyu ni mweusi sana, nani atamuoa?», ndipo anatafuta tubu. Na vijana wanaume: munacheka miguu Coca, lakini ni nani aliyesema anataka mke mweupe?

Bwana wetu alipoinama kuosha miguu ya mitume, ilikuwa miguu ya wavuvi, ya jua na ya mavumbi. Hakuuliza rangi yake.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani ao katika kikundi cha vijana:
– Katika jamaa yetu tunasema nini juu ya mutu mweusi na mutu mweupe?
– Zebaki inaingia nyumbani kwetu kwa njia gani?
– Tutamusaidiaje dada anayetaka kuacha, bila kumucheka?