Kuwauliza Waliotangulia: Maisha ya Mpakani Yanavyofundishwa kwa Mazungumzo

Taarikhi nyingi tulizozisoma zimeandikwa na wakubwa, au juu ya wakubwa: masultani, mabalozi, matajiri wa misafara. Mtu wa kawaida huingia kwa hesabu tu, wapagazi kadhaa na frasila kadhaa za pembe. Huko Marekani iko njia ya kufundisha inayojaribu kuziba pengo hili, nasi tuna sababu ya kuitazama kwa makini.

Njia yenyewe ni hii. Kijiji cha zamani husimamishwa upya, na ndani yake huwekwa watu waliofunzwa, kila mmoja akijifanya mtu wa zama zile. Mgeni huingia jikoni, akamkuta mama anapika kwa kuni, akamuuliza analotaka. Mama yule hujibu kama mtu wa mwaka ule, asiyejua yatakayokuja baadaye. Mahali mashuhuri kwa kazi hii ni Conner Prairie, karibu na Indianapolis. Kijiji chake kiliwekwa katika mwaka 1836, miaka 20 tu baada ya Indiana kuwa jimbo, wakati walowezi walipokuwa bado wanafyeka misitu.

Faida yake iko katika swali. Mwandishi wa kitabu anaweza kuruka asilolijua, na msomaji asitambue. Lakini mtoto akiuliza, "Chumvi mnapata wapi? Mtu akiugua homa anaitwa nani?" hapana pa kukimbilia. Basi anayejibu hulazimika kusoma kwanza madaftari ya wenye maduka, wasia, barua na kumbukumbu za mahakama. Mazungumzo yana thamani kwa kadiri ya usomaji uliotangulia; bila ya huo ni mchezo wa kuigiza tu.

Hatari yake nayo ni kuwa mgeni humuuliza yule tu aliyewekwa mbele yake. William Conner, ambaye mahali pale pameitwa kwa jina lake, alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, na mkewe wa kwanza alikuwa Mekinges, mwanamke wa kabila la Lenape. Kwa mkataba wa mwaka 1818 Walenape waliiacha ardhi yao ya Indiana, na mwaka 1820 Mekinges akaondoka na watu wake kuelekea magharibi, pamoja na watoto sita. Mwaka ule ule Conner alioa mke wa Kizungu, na mwaka 1823 akajenga nyumba ya matofali. Nyumba ipo hadi leo. Anayeitazama nyumba peke yake hatamuuliza Mekinges neno.

Suala hili lilijitokeza wazi zaidi katika Colonial Williamsburg, jimbo la Virginia, tarehe 10 Oktoba 1994, ulipoigizwa mnada wa watumwa. Wako waliopinga vikali, wakiona ni kuyafanya mateso tamasha. Mmoja wa viongozi waliokuja kupinga, baada ya kuuona, alisema fikra yake imegeuka. Kunyamaza pia ni kusimulia, na mara nyingi ni kusimulia uongo.

Haya yanatuhusu sisi kuliko inavyodhaniwa. Zama zile zile za kijiji cha Indiana, Marekani ilikuwa imekwisha fanya mkataba na Sayyid Said, mwaka 1833, na balozi wake mdogo alifika Unguja mwaka 1837. Vitambaa vya viwanda vya huko, tulivyoviita merikani, vilikuwa ndiyo fedha ya misafara. Doti moja, mikono minane, ilinunua chakula njiani mpaka Tabora na Ujiji. Huko ndiko mpakani kwetu, ambako wazee wetu walijenga matembe, wakapanda mpunga na kuoa.

Na sauti zipo. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza desturi za pwani katika kitabu alichokitoa Velten mwaka 1903. Na yuko Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa akiwa mtoto, akafanywa mtumwa Unguja, kisha akawa mpagazi; habari zake zilichapishwa mwaka 1936 katika kitabu cha Margery Perham, *Ten Africans*. Tembe la Kwihara, karibu na Tabora, alimokaa Livingstone, leo ni makumbusho. Siku tukitaka kulitia uhai, asiwekwe mwenye msafara peke yake barazani. Rashid naye awepo, aulizwe mzigo ulikuwa na uzito gani, na nani alimpa chakula.

Lakini kazi ya kwanza iko majumbani mwetu, Muscat, London na kwingineko. Nasaba zetu hufuata baba kwa baba mpaka Oman, vizazi vingi, bila ya kukosea. Bibi aliyetoka Manyema au Unyamwezi huandikwa "mama wa watoto", na jina alilopewa kwao halimo. Jina la Mekinges lilihifadhiwa. Je, la huyu? Wazee wanaoweza kujibu wanapungua kila mwaka. Waulizwe sasa, na maswali yawe madogo: alipika nini, aliimba kwa lugha gani, aliitwaje kabla ya kuitwa Zafarani au Faida. Majibu yaandikwe hata yakiwa machungu, maana watoto wetu hawatakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.