Kuhamia Programu Huria ya Uchoraji: Nafasi ya Njia za Mkato za Kibodi

Utangulizi

Taasisi zinapojadili kuhamia programu huria, hoja inayotangulizwa ni gharama ya leseni. Hoja hiyo imepata uzito zaidi tangu mwaka 2013, Adobe ilipoanza kutoa matoleo mapya ya Photoshop kwa malipo ya mara kwa mara. Hata hivyo, ipo gharama nyingine isiyoonekana katika bajeti, nayo ni mazoea ya mkono. Mchoraji mzoefu hafikirii tena kitufe anachobonyeza. Kitufe kinapobadilika maana, kazi husita. Makala hii inafafanua namna Krita, programu ya uchoraji itolewayo bure chini ya leseni ya GNU GPL, inavyoweza kusanidiwa ili kupunguza gharama hiyo.

Usanidi wa sehemu mbili

Krita huja na seti kadhaa za njia za mkato. Mtumiaji hufungua menyu ya Settings, huchagua Configure Krita, kisha Keyboard Shortcuts, na kuteua seti iitwayo Photoshop Compatible. Umuhimu wake huonekana katika mambo madogo: katika seti ya awali ya Krita, eneo lililoteuliwa huachiliwa kwa Ctrl+Shift+A, ilhali aliyezoea Photoshop hubonyeza Ctrl+D.

Hatua hiyo peke yake haitoshi. Vitendo vinavyounganisha kitufe na kalamu juu ya turubai, kama vile kukuza taswira au kuchukua rangi, huwekwa katika sehemu nyingine, Canvas Input Settings, yenye seti zake. Kwa kawaida Krita huchukua rangi mtumiaji anaposhikilia Ctrl na kugusa turubai; katika Photoshop, mwenye kutumia brashi hushikilia Alt. Anayebadilisha sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili hubaki na programu yenye tabia mbili, na huenda akailaumu programu kwa kasoro ya usanidi.

Mipaka

Njia za mkato hulinganisha vitufe, si dhana. Katika Photoshop, kifutio ni zana inayojitegemea. Katika Krita, ufutaji ni hali inayoweza kutiwa kwenye brashi yoyote, na katika seti ya awali kitufe E huiwasha na kuizima. Tofauti ya namna hii huhitaji mafunzo.

Hitimisho

Mpango wa uhamiaji unapaswa kutenganisha makundi mawili. Wachoraji wazoefu wasanidiwe sehemu zote mbili kabla ya kukabidhiwa kompyuta. Njia za mkato zilizorekebishwa zaweza kuhifadhiwa katika faili na kupakiwa kwenye kompyuta nyingine, hivyo kazi hiyo haihitaji kurudiwa kwa mkono. Wanafunzi wasio na mazoea ya awali waachiwe seti ya Krita yenyewe, kwani kuwafundisha vitufe vya programu wasiyoimiliki ni kuwabebesha mzigo usio wao.