Ngeli ya Kampo Haihitaji Mbwembwe

Cheki swali ya eksamu ikianza na "evaluate". Wasee kibao wanashika biro na kumwaga notisi zote za semista, pointi moja baada ya ingine, peji nne mbio mbio. Matokeo ikitoka ni D, na lawama yote inaangukia lec. Na si ati hawakusoma. Lec alitaka wapime: hii sera ilifanya kazi ama iliangusha watu, na kwa nini unasema hivyo? Msee akaorodhesha tu. Jibu alikuwa nalo kwa kichwa, akajibu swali yenye haikuulizwa. Hiyo kitu inaniuma, juu ni maksi inapotea kwa neno moja.

Haiskulu tulizoeshwa vokabu ni bombastiki. Kompo ikijaa maneno ya kuvunja meno, unajiona umeiva. Kampo inadai kitu ingine. Mwaka wa 2000, Averil Coxhead, mtaalamu wa lugha wa New Zealand, alichambua maandishi ya Kiingereza ya masomo ya sanaa, komasi, sheria na sayansi, akatoa listi ya familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na ndugu zake. Hizo familia peke yake hubeba karibu asilimia 10 ya maneno yote kwenye maandishi ya kisomi. Na hazina kiburi: ni kina "analyse", "derive", "significant", "consistent". Kila kozi utakutana nazo. Mi naona hapo ndio msee wa fasti yia anafaa kuanzia, kabla ya kukimbilia dikshonari kusaka neno la kushtua watu.

Sasa grama. Hapa wasee huchekwa bure. Kiswahili iko na "yeye" pekee, haijali kama ni mathe ama mbuyu. Ndio maana mtu anaanza stori ya mathe yake na "she", ikifika katikati mathe ashakuwa "he". Sisi tunahesabu vifaa, kifaa kimoja, vifaa kumi, kwa hivyo "equipments" inatoka mdomoni bila hata kufikiria. Tunajadili kuhusu kitu, tunaandika "discuss about". Kwetu "si ndio?" inakaa mwisho wa sentensi yoyote, lakini ngeli inataka hako kamkia kabadilike kila saa kufuata kitenzi na mtenda, basi wengi tunabandika "isn't it" kila mahali. Hiyo si akili ndogo. Ni akili inafuata sheria za lugha ingine, na inazifuata vizuri. Ukishajua kosa yako imetoka wapi, unajua pia mahali pa kuiwekea macho ukisoma kazi yako mara ya pili kabla ya kuisabmiti. Wengi hawasomi hiyo mara ya pili.

Sisemi tumejiangusha wenyewe. Angalia KCSE: karatasi tatu za Kiingereza zina maksi 200, na ile sehemu ya grama kwa karatasi ya pili ni 15. Ukikamua setibuku vizuri unapita na gredi safi, na sentensi zako bado zinayumba. Halafu unaingia kampo, unapewa uniti moja ya stadi za mawasiliano, ile wasee huita Com Skills, ndani ya holi imejaa mpaka nyuma. Lec hawezi kusoma eseyi ya kila mtu akuonyeshe ulipoteleza wapi. Anaweka CAT ya kuchagua jibu, semista inaisha.

Watu wazima husema Sheng ndio imetuharibia. Mi nakataa. Sheng ilikulia Eastlands, Kaloleni, Pumwani, Shauri Moyo, mitaa yenye watoto wa makabila mbalimbali walicheza pamoja na wakahitaji kuelewana. Msee anayeweza kupindua neno, kulipa maana mpya na kulirusha kwa sentensi bila kupumua, huyo ana kipaji cha lugha. Kinachokosekana ni masaa ya kusoma na kuandika ngeli yenyewe, na masaa hayaletwi na kuacha Sheng. Chukua aya moja ya kitabu cha kozi yako, ifunge, iandike upya na maneno yako, kisha linganisha. Fanya hivyo usiku mbili tatu kwa wiki. Simu ikikuandikia kila eseyi, kwa chumba cha mtihani utabaki wewe na biro, na kwa intavyu ya jobo hakuna kuchomoa simu.

Lakini kuna kitu moja hatuwezi kufanya kila mtu kivyake, nayo ni kicheko. Lec akiitisha prezentesheni, grupu inaangalia chini. Manzi mwenye alikesha laibo, anayemanya hiyo topiki nje ndani, anakataa kusimama juu r na l zake zinabadilishana viti. Anatumwa chali wa akademia, hajafungua hata peji moja, lakini ngeli yake inateleza. Ikifika maswali, kimya. Tunajua hii mambo na bado tunairudia kila semista.

Basi tuweke sheria kwa grupu zetu: aliyefanya utafiti ndiye anabonga, na mwenye atacheka atatoka nje. Sentensi ikipinda, wacheni apite nayo mpaka mwisho. Jioni kejani, mkiwa nyinyi tu, chukueni karatasi mmwonyeshe kwa upole mahali ilipinda, na yeye awaelezee ile topiki, juu wengi wenu bado hamjaielewa.