Maswali Kumi Kabla ya Dawa

Kigwa yetu ni kituo cha kale. Misafara ya pwani iliyokwenda Tabora ilipita hapa, na Burton na Speke nao walipita mwaka 1857. Pombe ya mtama ilinywewa katika nchi hii tangu zamani hizo, na leo twajua wanzuki wa asali na gongo pia.

Wengi hudhani kwamba wanywaji ni wa namna mbili tu: mlevi aangukaye njiani, na mtu mwema asiyedhurika. Sivyo. Yuko wa tatu, ambaye hulima, huwavika watoto wake, na Jumapili huja kanisani. Lakini pombe imekwisha kuanza kumdhuru, wala hajui. Huyo ndiye tumsemaye leo.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilitoa maswali kumi ya kumtambua mtu huyo mapema, aendapo kwa mganga kwa ugonjwa wo wote. Yalijaribiwa kwa wagonjwa wa nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Na kwa Kiswahili yamepimwa kwa majeruhi huko Moshi. Matatu ya kwanza yauliza mtu hunywa mara ngapi na kiasi gani. Matatu yafuatayo, kama pombe imemtawala. Manne ya mwisho yauliza juu ya majuto, kusahau mambo ya jana, kuumia, na wasiwasi wa ndugu. Kila jibu hupewa alama tangu 0 hata 4. Afikaye 8 yafaa ashauriwe kwa upole apunguze. Afikaye 20 huenda amekwisha kufungwa na pombe, naye achunguzwe zaidi.

Lakini maswali hayafai kitu pasipo jibu la kweli. Siku moja tulimsindikiza mzee mmoja kwenda kutibiwa maumivu ya tumbo. Akaulizwa mbele ya watu waliokaa bankoni, "Wewe ni mlevi?" Akatutazama sisi, akajibu, "La." Akapewa dawa, tukaondoka. Njiani akasema, "Mwalimu, ningesemaje nawe upo?" Neno hilo lilituchoma. Hakumwogopa mganga, alituogopa sisi. Tangu siku ile, tumsindikizapo mgonjwa, twangoja nje.

Basi, enyi walimu na wazazi, twawasihi mambo matatu. Kwanza, mgonjwa aulizwe faraghani, na ajuaye jibu lake asilitangaze, hata kwa wazee wa kanisa. Pili, aulizwaye aeleze kipimo chake sawasawa: kopo lake lajaa kiasi gani, na kama kibuyu kilizungushwa, kilimfikia mara ngapi. Atumiaye dawa za kifua kikuu aseme upesi zaidi, maana dawa hizo pamoja na pombe huweza kuliharibu ini. Tatu, anywaye kila siku na kutetemeka asubuhi asiache ghafula peke yake, maana huweza kupatwa na kifafa; aende kwanza kwa mganga.

Wazee walisema, mficha maradhi, kifo humwumbua. Ni kweli, lakini na sisi tujiulize, ni nani aliyemfanya mgonjwa afiche?