Askari wa Msitu na Jamaa Zake

Wasomaji wengi wakisikia habari za askari wa msitu hufikiri juu ya ndovu, nyati na bunduki begani. Mambo hayo yapo, nami nitayaeleza. Lakini mimi niliyezaliwa upande wa Embu, mwendo wa nusu saa tu kutoka mpaka wa msitu wa Mlima Kenya, nilimjua askari wa msitu kwanza kwa njia nyingine: ndiye aliyemkamata baba yangu mdogo.

Hayo yalitukia mwaka 1998, nami nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Baba mdogo alikuwa amepanga mbao bandani mwake na kuzifunika kwa majani ya migomba, na alipoulizwa alisema kwamba ni mbao za mukima, ule mti wa kupandwa uliojaa kwenye mipaka ya mashamba yetu. Askari hakubishana naye. Aliinama, akachukua ubao mmoja, akaunusa, akaurudisha taratibu mahali pake, kisha akasema, "Ndugu yangu, vaa koti lako twende." Maana mti wa muthaiti, ambao Waingereza huuita kwa jina la kafuri, ukikatwa hutoa harufu kali kama ya dawa, na harufu ile haifichiki kwa majani ya migomba.

Faini ililipwa kwa kuuza ng'ombe wa maziwa. Lakini jambo lililotuuma zaidi si ng'ombe, bali ni kwamba askari yule alikuwa mtu wa ukoo wetu, ambaye kwa desturi mimi namwita baba. Tangu siku ile hakualikwa tena katika karamu za nyumba yetu. Alipofiwa na mama yake, watu wetu hawakwenda kumsaidia kuchimba kaburi. Naandika jambo hili kwa haya, lakini habari za kazi yake haziwezi kuelezwa sawasawa bila jambo hili.

Sasa mzee huyo amebakiza miaka michache astaafu. Mwezi wa Julai, wakati wa baridi na manyunyu, nilichukua likizo ofisini, nikamwomba aniruhusu kufuatana naye katika doria. Alinitazama viatu, akacheka, akanipa vya kwake vya akiba.

Tulitoka kituoni kabla ya jua, watu wanne. Kwanza tulipita kati ya chai ya Nyayo, ule ukanda uliopandwa tangu mwaka 1986 ili uwe mpaka ulio wazi kati ya mashamba ya watu na msitu wa serikali. Baada ya chai kuna misaipresi na misonobari iliyopandwa kwa mistari, ambamo wanawake huokota kuni kavu kwa ada ndogo ya mwezi na kupewa stakabadhi. Halafu mistari inakwisha ghafula, na mtu huingia katika msitu wenyewe wa asili. Humo mchana ni kama jioni. Miti imevaa ndevu za kuvu, na maji hudondoka hata mvua isiponyesha. Mbele zaidi, juu ya futi 8,000 hivi, huanza mianzi iliyosongamana hata mtu hawezi kumwona mwenziwe aliye hatua kumi mbele. Juu ya mianzi kuna miti mifupi iliyopinda, kisha nyika ya baridi, na mwisho kabisa mawe na barafu ya Batian, futi 17,000 na zaidi.

Nilidhani kazi yenyewe ni kutazama. Kumbe ni kusikia na kunusa. Msumeno wa mota husikika mbali, kwa hiyo mwizi mwerevu hautumii karibu na njia. Huchimba shimo, huweka gogo juu yake, na watu wawili hupasua mbao polepole kwa msumeno wa mkono, mmoja juu na mmoja ndani ya shimo. Kisiki hufunikwa kwa kuvu na majani. Tanuri la makaa hufukiwa udongo, lakini moshi wake hulala bondeni alfajiri, na pua ya mtu aliyezoea huujua. Mzee alisimama mara nyingi njiani, akainua kidole, nasi sote tukanyamaza. Mara nyingi halikuwa jambo. Mara moja lilikuwa ndovu.

Ndovu hatukumwona. Tulisikia tumbo lake likinguruma ndani ya mianzi, karibu sana, tukarudi kinyumenyume bila kugeuka, jinsi tulivyofundishwa asubuhi. Askari husema kwamba ndovu hutoa ilani kabla ya kushambulia, lakini nyati wa peke yake hatoi ilani yoyote, na wengi wao humwogopa nyati kuliko mtu mwenye bunduki. Usiku tulilala chini ya turubai. Ugali ulipikwa, na sukuma wiki iliyobebwa kutoka nyumbani. Mvua ilinyesha hata saa tisa za usiku, na mimi, karani wa kalamu na karatasi, nilihesabu kila saa.

Usiku huo mzee alinisimulia mambo ya zamani, mengine aliyoyaona mwenyewe na mengine aliyoyapokea kwa baba yake. Idara ya Misitu ilianza kazi katika nchi hii mwaka 1902, na msitu wa Mlima Kenya ukatangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932. Waembu na Wameru hawakuulizwa. Walikuwa wakikata mianzi humo, wakitundika mizinga ya nyuki, wakichunga wakati wa ukame, na siku moja walimkuta mtu amevaa kofia, akiwaambia kwamba hapo si pao. Hivyo askari wa msitu alianza kazi yake akiwa mtu wa sheria ya wageni, ijapokuwa mwenyewe alizaliwa kijiji cha pili. Nadhani lawama ile haijamwisha mpaka leo.

Halafu zikaja taabu kubwa zaidi. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, msitu ukawa nchi ya vita. Ukanda wa maili moja kando yake ulipigwa marufuku, ndege za Kiingereza zilidondosha mabomu, na watu wa vijiji, wanawake kwa wanaume, walilazimishwa kuchimba mtaro mrefu kwenye ukingo wa msitu na kupanda humo mianzi iliyochongwa ncha, ili wapiganaji wasipate chakula. Wengine walikaa humo hata baada ya uhuru. Baimungi wa Meru aliuawa mwezi wa Januari 1965, bendera ya Kenya ikiwa imekwisha kupanda mwaka mmoja na zaidi. Mahali pengine mtaro ule bado unaonekana, umejaa magugu. Mzee alinionyesha sehemu yake, akapita bila kusema neno.

Msomaji asidhani kwamba kabla ya serikali watu wetu hawakujua kulinda miti. Karibu na Runyenjes kiko kichaka cha Mwenendega, ambapo Waembu husema ndipo alipokaa mtu wa kwanza wa kabila lao, na kichaka kile kilibaki kimesimama wakati mashamba yote ya jirani yalipolimwa. Katika msitu wa Imenti, upande wa Meru, ziwa Nkunga liliheshimiwa hivyo hivyo. Hapakuwa na bunduki wala faini ya mahakama, bali hofu ya miiko na sauti ya wazee. Lakini mwiko hulinda kichaka. Sijui kama ungeweza kulinda mlima mzima dhidi ya lori.

Maana malori yalikuja. Katika miaka ya 1980 na 1990 msitu ule uliliwa kama nyama ya harusi. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilirusha ndege juu ya mlima wote ili kuhesabu uharibifu, na ripoti yake iliwashtua wengi: mithaiti zaidi ya 6,700 ilikuwa imekatwa. Ilionekana pia mitanuri ya makaa kwa mamia, na mashamba ya bangi katikati ya msitu, ambako hakuna mtu angefika kwa bahati tu. Mwaka uliofuata, 2000, msitu ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ulinzi ukaongezwa, na ndege zilipopita tena baada ya miaka michache ziliona kwamba ukataji umepungua sana.

Nilimwuliza mzee, katika miaka ile mibaya yeye alikuwa wapi. Swali hilo nililichukua moyoni tangu utoto. Hakukasirika. Alisema kwamba askari mmoja alipewa eneo la kutembea siku mbili, bila redio wala gari, na kwamba lori lililobeba miti mikubwa mara nyingi lilikuwa na karatasi yenye muhuri. "Mwenye muhuri alipita mbele yangu nikimpigia saluti," alisema. "Mwenye mbao nne bandani ndiye niliyeweza kumkamata." Kisha akanyamaza kwa muda. "Baba yako mdogo alikuwa na mbao kumi na moja. Nilizihesabu. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile."

Neno lile lilinifanya nikose usingizi kuliko mvua. Nyumbani kwetu tulikuwa tukisema kwamba alimkamata ndugu yake ili apandishwe cheo. Hatukujiuliza alikuwa na chaguo gani. Kama angemwachilia baba mdogo kwa sababu ya ukoo, kesho yake kila mtu wa ukoo angeingia na msumeno, na watu wa koo nyingine wangesema kwa haki kwamba msitu umekuwa mali yetu. Aliyepoteza ng'ombe ni baba mdogo, lakini aliyebaki peke yake kaburini kwa mama yake ni yeye. Mimi sisemi kwamba sheria ile ilikuwa ya haki kwa wote, maana tumeona karatasi zenye muhuri zilifanya nini. Nasema tu kwamba yeye aliishika pale mkono wake ulipofika.

Tangu Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na kuanzishwa kwa Huduma ya Misitu mwaka 2007, mambo mengine yamebadilika. Majirani wa msitu wanaweza kuunda chama na kuingia mkataba, wapate malisho, kuni, mizinga, na nafasi ya kulima kati ya miche hata ikue. Wako watu wa vyama hivyo wanaofanya doria pamoja na askari bila mshahara. Moto mkubwa ulipounguza nyika ya juu mwezi wa Machi 2012, wanakijiji walipanda mlimani na matawi ya miti mikononi kuuzima, pamoja na askari. Mzee alisema kwamba siku zile ndipo alipoitwa kwa jina lake tena na watu wasiomsalimu kwa miaka.

Labda karani mwenzangu wa mjini atauliza, msitu wa Embu unanihusu nini mimi? Aende akatazame taa yake. Rupingazi, Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Kathita, mito hii yote hutoka katika mlima huu na kuingia Tana, na katika Tana kuna mabwawa matano ya umeme, kuanzia Kindaruma ya mwaka 1968 hata Kiambere ya mwaka 1988. Na mkulima wa Mbeere au Tharaka, ambaye hajauona msitu kwa karibu, huujua vizuri mto unapokauka.

Siku ya pili, tulipokuwa tukishuka, mzee alituacha njiani akanichukua kando. Alinipeleka kwenye kisiki kipana cha muthaiti, cheusi, kimeoza katikati. Hakusema ni cha nani, nami sikuuliza. Muthaiti huzaa mbegu kwa nadra, pengine mara moja tu katika miaka kumi, lakini mizizi yake huchipua. Kukizunguka kisiki kile kulikuwa na machipukizi saba. Mengine yalikuwa marefu kunipita, na mawili yalikuwa yamevunjwa na ndovu. Aliponda jani moja kati ya vidole akanipa ninuse. Harufu ilikuwa ile ile ya bandani.

Niliporudi nyumbani nilimkuta baba mdogo akikama. Nikamwambia nimetoka wapi na nilikuwa na nani. Hakugeuka. Baada ya muda aliuliza, "Bado hupanda kile kilima cha mianzi bila kupumzika?"

Nikamjibu kwamba siku hizi hupumzika mara mbili.

"Magoti," alisema, akaendelea kukama.